Mbwa wa Tatu Siyo Nyongeza ya Sokoni, Bosi Wangu

Leo naomba tuweke pembeni kidogo habari za nani kaachana na nani, na nani kapiga picha na gari ambalo kumbe la kukodi. Kuna jambo linanikera tangu mwezi uliopita na linahusu mbwa. Ndiyo, mbwa. Usicheke kwanza, soma mpaka chini ndiyo ucheke.

Kuna staa mmoja, jina nalihifadhi kwa sababu sitaki simu za saa nane usiku. Ana asili ya kwetu kusini, na siku hizi kajenga huko nyumbani, nyumba ya maana, geti kubwa, mikorosho nyuma. Anafuga mbwa watatu. Mashabiki tunawajua hao mbwa kwa majina kuliko tunavyowajua wapiga vyombo wake: kuna dume la German Shepherd, kuna Rottweiler mtoto wa miezi saba, na kuna jike moja la kienyeji ambalo ni la mama yake, lile halipostiwi sana maana halina sura ya Instagram.

Sasa staa akapata shoo Dar, siku tisa na mazoezi yake. Mama naye alikuwa na safari ya kwenda msibani. Nani atabaki na mbwa? Akatafutwa dogo, mtoto wa mama yangu mdogo, yuko Marambo. Ukimwambia mtu wa Dar Marambo anakuuliza ni nchi gani. Ni kwetu, ukanda wa Nachingwea na Ruangwa, mkoa wa Lindi. Huko mbwa siyo pambo. Mahindi yakianza kubeba, nguruwe pori wanaingia usiku, nyani na ngedere wanaingia mchana, na mwenye shamba asiye na mbwa analala kwenye dungu huku anagonga debe mpaka asubuhi. Dogo kakulia humo. Anamjua mbwa anayetaka kung'ata kabla mbwa mwenyewe hajaamua.

Bei? Hapa ndipo kisa kinapoanzia. Dogo alimwambia elfu kumi kwa usiku. Alikuwa anamaanisha mbwa mmoja, kwa sababu meseji ya kwanza ilisema "nataka uniangalizie mbwa". Nyinyi mnaokijua Kiswahili vizuri mtaona tatizo: mbwa ni mbwa, awe mmoja wawe kumi, neno halibadiliki. Bosi akajibu "poa dogo, njoo". Dogo kafika getini anakuta watatu. Akataka kusema kitu, bosi akacheka: "Aah si wanakula pamoja hao? Wawili wa nyongeza tu hao."

Nyongeza! Kama nyanya mbili anazokutupia mama muuza genge ukimaliza kununua fungu.

Na haijaisha. Siku ya pili likaja gari kutoka Ruangwa. Rafiki wa bosi, yeye yuko kwenye mambo ya madini ya kinywe, kaleta dume lake lingine. "Nimeongea na mwenyewe, kasema kuna kijana yupo." Sasa mbwa wanne, bei ile ile ya elfu kumi. Dogo akanipigia: "Kaka, nimkatalie?" Mimi, Mungu anisamehe, nikamwambia mvumilie, ni mtu mkubwa yule, kesho atakupa konekshen. Kwa hiyo lawama za leo na mimi nina fungu langu humo.

Sasa tuongee hesabu, maana najua kwenye komenti kuna watu wameshaanza kuandika "mbwa wanne kazi gani". Nilimwambia dogo anisimulie siku yake moja, saa kwa saa, nikaandika.

Kumlisha mbwa mmoja ni dakika kumi. Unasonga dona, unachanganya na dagaa au vichwa vya samaki, unapooza, unamwekea, unaendelea na maisha. Mbwa wanne hawali pamoja, bosi alidanganya au hajui. Dume na dume wakiinamia sufuria moja ni vita. Kwa hiyo dogo alimfungia wa kwanza bandani, wa pili akamfunga kwenye mkorosho, mtoto akamlisha barazani kwa sababu mtoto anakula mara tatu kwa siku na si mara mbili, na jike la mama likangoja mwisho kwa adabu zake. Kila mlo karibu saa nzima, na bado vyombo.

Kuwatembeza ni hivyo hivyo. Yule German ni mkubwa, akivuta unakwenda naye, huwezi kumshika na mwingine mkono wa pili. Huyo nusu saa peke yake. Mtoto dakika ishirini. Mgeni wa Ruangwa nusu saa, tena kwa njia nyingine asikutane na mwenzake. Jike la mama halihitaji kamba, linafuata tu. Halafu kufagia uchafu, kuwatoa kupe mmoja mmoja, na kuamka usiku kila mmoja anapobweka kwa sababu zake.

Jambo lingine ambalo watu hawalitaji. Dogo ni Muislamu, kama wengi wa kwetu. Kwa madhehebu ya Shafii ambayo ndiyo imeenea pwani na kusini, mate ya mbwa ni najisi, na kinachoguswa kinaoshwa mara saba, moja wapo kwa udongo. Kufuga mbwa wa ulinzi au wa kuwinda kunaruhusiwa, hilo halina shida, ndiyo maana mashambani wapo. Lakini dogo anaswali swala tano. Kwa hiyo ana nguo za kazi mbali, ndoo mbali, sabuni mbali, na kila swala ni kujisafisha na kubadili. Mbwa mmoja aliyetulia anaweza asikuguse siku nzima. Wanne, na mmoja wao ni mtoto anayeruka kila anayemwona, unalowa. Huo ni muda wake na sabuni yake, na hakuna aliyemuuliza.

Jumlisha: mbwa mmoja angemchukua kama saa moja na nusu kwa siku, kazi ya mikono. Wanne walimchukua saa sita na zaidi, na hapo sijahesabu usiku.

Ila nimtendee haki staa wetu, maana nikiandika upande mmoja mtaniambia nina wivu. Yuko sahihi kwamba bei ya mbwa wanne haiwezi kuwa mara nne moja kwa moja. Dogo akilala pale, analala mara moja, awe na mbwa mmoja au watano. Nauli ya bodaboda ni ile ile. Dona likisongwa sufuria kubwa badala ya ndogo, moto ni mmoja. Hivyo vitu havizidishwi, na mtoa huduma anayemzidishia mteja kila kitu naye ni mwizi wa taratibu. Mteja anastahili nafuu kwenye mbwa wa pili na wa tatu wa nyumba moja, waliozoeana, wanaojua nani mkubwa kati yao.

Lakini kuna kitu kinaongezeka haraka kuliko hata idadi ya mbwa, nacho ni ugomvi. Hesabu kwa vidole. Mbwa mmoja hana wa kugombana naye. Wawili, kuna ugomvi wa aina moja tu, A na B. Watatu, tayari jozi tatu: A na B, A na C, B na C. Wanne, jozi sita! Umeongeza mbwa mmoja tu, nafasi za kugombana zimepanda kutoka tatu kwenda sita. Na jozi tatu mpya zote zina yule mgeni ambaye hakuna anayemjua. Ndiyo maana mimi nasema mbwa wa nyumba nyingine alipe bei kamili kama mbwa wa kwanza, tena ningesema zaidi, ila tuanze hapo.

Na ndicho kilichotokea. Usiku wa tano mgeni alivunja kamba akaingia kwenye sufuria ya mtoto. German akaruka. Dogo akaingiza mkono kuwatenganisha, kosa ambalo yeye mwenyewe anajua ni kosa, lakini mtoto alikuwa chini na angekufa, na mbwa wa staa akifa mikononi mwako wewe kijana wa Marambo, nani atakuelewa? Aking'atwa mbwa utalipa, ukang'atwa wewe ni bahati mbaya. Hiyo hesabu aliipiga kwa sekunde moja na akachagua mkono wake.

Dogo ana akili. Aliosha jeraha kwa maji yanayotiririka na sabuni dakika kumi na tano, kama wanavyofundisha. Akampigia bosi kuuliza kitu kimoja tu: huyu wa Ruangwa amechanjwa? Bosi: "Nadhani, ngoja nimuulize mwenyewe." Mwenyewe hakupokea mpaka kesho yake mchana, na alipopokea hakuwa na kadi.

Wadau, kichaa cha mbwa siyo cha kungojea mpaka kesho yake mchana. Dalili zikishaanza kwa binadamu, karibu hakuna anayepona. Shirika la Afya Duniani linakadiria watu 59,000 wanakufa kila mwaka duniani, wengi ni Afrika na Asia, wengi vijijini. Kwetu kusini tunalijua. Kati ya 2010 na 2015 Lindi na Mtwara zilikuwa kwenye mradi mkubwa wa kuchanja mbwa ambao shirika hilo hilo liliuratibu, nakumbuka watoto wanavuta mbwa kwa kamba za katani kwenda kupanga foleni. Dogo alikuwa mmoja wa hao watoto. Sasa yeye mwenyewe alikaa foleni ya sindano, na siyo moja halafu basi, ni za mfululizo kwa siku zilizopangwa. Alilipa mwenyewe. Malipo yake ya siku tisa yalikuwa tisini elfu. Sindano, bodaboda za kwenda na kurudi, na dawa ya kidonda vilikula yote, na akakopa juu.

Aliyempeleka hospitali siku ya kwanza ni mama yake staa, aliyekuwa amerudi msibani asubuhi ile. Mama hakuongea sana. Alimkuta dogo kafunga mkono na kanga, akamuuliza, "Mwanangu, na huyu mbwa wa nne ni wa nani?" Alipoambiwa, akampigia mwanawe simu mbele ya dogo. Maneno yaliyosemwa kwenye hiyo simu siwezi kuyaandika hapa kwa heshima ya mama. Nauli akatoa yeye.

Staa akatuma elfu hamsini na meseji: "Pole sana dogo, nitakupost." Na kweli alimposti. Picha ya dogo na German, imeandikwa "mlinzi wangu", watu wakaweka moyo kama maji. Nami niliweka, kwa hasira. Posti haipandi bodaboda. Daktari hakubali tagi.

Sasa wengine mtauliza kwa nini dogo hakukaza tangu mwanzo. Hapa ndipo penye kidonda chenyewe. Kijijini kwetu, jirani akienda msibani unamwangalizia mbwa wake, na akirudi anakuletea sukari au hakuletei kitu, na kesho ni zamu yake. Hakuna bei kwa sababu kuna kesho. Mtu aliyekulia hivyo ukimwambia ataje pesa anaona aibu, ulimi unamwambia "utaangalia mwenyewe bosi". Wangapi tumesema hilo neno? Mpiga picha wa harusi kalisema. Msusi kalisema. Mimi nimeandikia mtu maneno ya tangazo, nikasema utaangalia mwenyewe, akaangalia kweli, akaona vocha ya elfu tano. Staa hatakuangalizia mbwa wako siku ukisafiri. Huyo ni mteja kama wateja wengine, na kwa mteja bei inatajwa kabla.

Kinachonishangaza ni kwamba sisi watu wa kusini tunajua sana kukataa bei mbovu, ila kwenye korosho. Nenda mnada wa RUNALI, chama kikuu chetu cha ushirika cha Ruangwa, Nachingwea na Liwale, uwaambie wakulima "hili gunia la tatu ni nyongeza". Utatoka unakimbia. Kila kilo inapimwa, daraja la kwanza lina bei yake na la pili lina yake. Mwaka 2018 wakulima walizigomea bei za wanunuzi mpaka serikali ikaingilia na kutangaza shilingi 3,300 kwa kilo. Mzee anayesimama mnadani anasema hapana mbele ya matajiri wa mjini, mjukuu wake anashindwa kusema hapana kwenye WhatsApp!

Na tukumbuke Nachingwea ni ule mji ambao Waingereza walikuja kulima karanga kuanzia 1947, hesabu zimepigwa London mezani, udongo na mvua hawajaviuliza vizuri. 1951 wakafunga mahesabu, zaidi ya paundi milioni 36 zimekwenda na karanga hakuna. Anayepanga bei ya kazi akiwa hajawahi kuifanya hiyo kazi hupanga hivyo hivyo. Bosi hajawahi kuwalisha hao mbwa wanne peke yake hata siku moja, lakini anajua kwamba "wanakula pamoja".

Basi mimi na dogo tulikaa Jumapili moja, yeye Marambo mimi Mbagala, kwenye simu, tukapanga bei upya. Siyo sheria, ni bei yake yeye, mwenye mbwa wapole ashushe na aliyeko Masaki apandishe. Mbwa wa kwanza elfu kumi kwa usiku, humo ndani kuna kulala pale na nauli. Kila mbwa anayeongezeka wa nyumba hiyo hiyo, elfu tano. Mbwa mgeni wa nyumba nyingine, elfu kumi kamili, na hapokelewi bila kadi ya chanjo hata akiletwa na waziri. Chakula cha mwenye mbwa. Nusu ya pesa kabla. Na la mwisho ambalo nilimlazimisha aliandike kwa herufi kubwa: mbwa wako aking'ata mtu au mbwa mwenzake, daktari ni wako.

Kwa bei hiyo zile siku tisa, watatu wa bosi ni elfu ishirini kwa usiku, na mgeni elfu kumi, jumla thelathini. Mara tisa, laki mbili na sabini. Haya, tutoe siku moja ambayo mgeni hakuwepo, laki mbili na sitini. Alilipwa tisini. Tofauti ni laki na sabini, na ukiitoa ile hamsini ya pole, bado laki na ishirini. Mnajua laki na ishirini ni nini Marambo? Ni madeni ya dukani yote na dawa ya kupulizia mikorosho kidogo. Kwa bosi ni meza moja ya Ijumaa, tena bila keki.

Mtaniambia akipanga bei hivyo atakosa kazi, watamchukua mwingine wa buku tano. Inawezekana. Wapo watakaoshika mbwa sita kwa buku tano, watawafungia wote banda moja na kwenda kuangalia mpira, Namungo akicheza pale Ruangwa. Bosi akirudi akute sikio limetoboka, ndiyo atajua alichokuwa analipia. Ila sitaki kumdanganya dogo wala ninyi: mwezi wa kwanza anaweza kukosa. Bado naona ni afadhali akose tisini kuliko aipate halafu aipeleke yote hospitali.

Wiki iliyopita staa kamtafuta tena. Ana safari nyingine, wiki mbili, na safari hii mbwa ni watano kwa sababu kapewa zawadi. Meseji ilianza na "mdogo wangu wa ukweli". Dogo hakujibu haraka. Alimaliza sindano yake ya mwisho asubuhi, akarudi shambani na mbwa wake wawili, jioni akamtumia bosi ile bei, yote, na herufi kubwa zake. Tiki zimekuwa za bluu saa moja na dakika nne usiku.

Mpaka naandika hapa ni siku ya tatu, na mama yake bosi ndiye aliyepiga simu kuuliza, "Huyo mbwa wa tano anataka bei gani?"